Chokaa, Mvua na Mikoko: Somo Kutoka Magofu ya Kilwa Kisiwani

Mtu anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa kwanza na Gereza, ngome iliyojengwa ukingoni mwa bahari. Sehemu kubwa ya ngome hiyo ni ya wakati wa Waarabu wa Omani, mnamo mwaka 1800 hivi, lakini imesimama mahali ambapo Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505. Nyuma yake uko Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa kabla ya karne ya 13 na kupanuliwa sana katika karne ya 14. Uko msikiti mdogo wa kuba. Ziko kuta za Makutani. Na upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, yamelala mabaki ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililokuwa na vyumba vipatavyo mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika katika mji huo mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abulmawahib kwa ukarimu wake.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha nyingine isiyotamaniwa na nchi yoyote, yaani ile ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa humo mwaka 2014. Mwanafunzi akiulizwa ni nini kilichotokea katika miaka kumi hiyo, aghalabu atajibu kwamba zilipatikana fedha na wakaja wataalamu. Jibu hilo ni kweli, wala si dogo. Lakini halielezi kwa nini kuta zilizodumu miaka mia sita zilikuwa zikianguka, wala halielezi kwa nini fedha na wataalamu peke yao wasingeweza kuzishika. Kueleza hayo hapana budi kuanza na kemia ya chokaa.

Jiwe linalorudi kuwa jiwe

Wajenzi wa Kilwa walitumia mawe ya aina mbili, yote yakitokana na matumbawe. Kwa kuta walichimba mwamba wa matumbawe ya kale, mgumu na wenye matundu, ambao ndio uti wa visiwa hivyo. Kwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi walikata matumbawe laini kutoka baharini, wakayachonga yangali na unyevu, nayo yakikauka huwa magumu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba: nyumba za mawe za Waswahili, Kilwa hata Lamu, zina vyumba virefu lakini vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa kuwa boriti ndefu zaidi ya hapo ingepinda chini ya uzito wa sakafu ya mawe na chokaa iliyokuwa juu yake.

Kilichounganisha mawe hayo ni udongo wa chokaa, yaani mchanganyiko wa chokaa, mchanga na maji. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe yaleyale ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Yakifikia nyuzi 900 za Sentigredi hivi, mawe hayo huachanisha hewa ya kabonidayoksaidi, kikabaki kitu cheupe chepesi, kalsiamu oksaidi:

CaCO3 → CaO + CO2

Wanafunzi wanaweza kukokotoa kutokana na uzito wa atomi kwamba kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za kalsiamu oksaidi, na kilo 44 huondoka hewani. Chokaa hiyo isiyozimuliwa ni kali sana. Ikitiwa maji huchemka na kufura, ikawa kalsiamu haidroksaidi:

CaO + H2O → Ca(OH)2

Hapo ndipo inapochanganywa na mchanga na kutiwa ukutani. Watu wengi hudhani kwamba udongo huo hukauka tu kama tope. Sivyo. Maji yake yanapopungua, huvuta kutoka hewani kabonidayoksaidi ileile iliyopotea katika tanuri:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Tazama basi mwisho wa safari: kilichoanza kuwa jiwe la matumbawe kimerudi kuwa kalsiamu kabonati, ndani ya ukuta. Mawe na kiunganishi chake ni kitu kimoja kwa asili. Lakini safari hiyo ya kurudi ni ya polepole mno. Hewa huingia kutoka nje kuelekea ndani, na ukuta mnene huweza kuchukua miaka kabla kiini chake hakijashikana sawasawa. Tena mageuzi hayo huhitaji unyevu kidogo. Udongo ukikaushwa ghafla na jua kali, hukatikakatika na kubaki unga. Ndiyo sababu waashi wa chokaa hufunika kazi yao kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyarashia maji siku baada ya siku. Kazi ya chokaa haimfai mtu mwenye haraka.

Kosa la saruji

Haraka ndiyo iliyoleta kosa. Katika karne ya 20, majengo mengi ya kale ya Pwani yalikarabatiwa kwa saruji ya kiwandani, ile ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824. Saruji hushika kwa saa chache, ina nguvu nyingi, na mwashi yeyote anaijua. Kwa daraja au bwawa ni kitu kisicho na mfano. Katika ukuta wa matumbawe ni jambo jingine.

Ukuta wa mawe na chokaa una vitundu vidogo visivyohesabika. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu hivyo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, na kisiwani maji hayo hubeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hugeuka mvuke na kwenda zake, lakini chumvi haiwezi kugeuka mvuke. Hubaki na kufanya fuwele, na fuwele zinapokua ndani ya kitundu zina nguvu ya kukipasua. Katika ukuta uliopigwa lipu ya chokaa, kazi hiyo ya uharibifu hufanyika ndani ya lipu na katika viungo vya mawe, kwa kuwa huko ndiko maji yanakopata njia nyepesi ya kutokea. Lipu huchakaa ikabanduka, mwenye nyumba akapiga nyingine. Jiwe husalimika.

Viungo vikizibwa kwa saruji, ambayo haipitishi maji kwa urahisi, mambo hupinduka. Maji hutafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Chumvi hukusanyika ndani ya matumbawe, nayo huanza kumomonyoka kuwa unga. Baada ya miaka kadhaa mtu huweza kuona ukuta uliofanana na sega la asali: saruji imesimama imara, na vyumba ambamo mawe yalikuwamo vimebaki vitupu. Aliyefanya ukarabati huo alikusudia mema, na kwa miaka michache ya kwanza kazi yake ilionekana nzuri kuliko ya mwenye chokaa. Jambo hilo linastahili kufundishwa shuleni, kwa sababu linaonyesha kwamba nguvu ya kitu haitoshi kupimwa peke yake. Hupimwa kwa kuangalia kimewekwa pamoja na nini. Udongo wa kuunganishia unapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko jiwe, ili kikiharibika kitu, kiharibike kile kinachoweza kubadilishwa.

Mji uliokuwa ukitunzwa kila mwaka

Kutokana na maelezo hayo hupatikana jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili. Jengo la chokaa halikukusudiwa tangu mwanzo kuachwa peke yake. Lilitegemea watu wa kulipaka chokaa upya, kuziba nyufa kabla ya masika, na kubadilisha boriti zilizooza. Wakati Kilwa ilipokuwa na wakazi wengi, matengenezo hayo yalikuwa sehemu ya maisha, kama kufagia uwanja. Watu walipohama na mapaa kuanguka, maji ya mvua yaliingia katika vichwa vya kuta, mahali ambapo wajenzi hawakutarajia yaingie kamwe. Kuta hazikuuawa na umri. Zilikosa watu wa kuzihudumia.

Kwa hiyo uhifadhi wa magofu, kama ni wa kweli, ni kuwarudisha watu hao. Katika vijiji vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliundwa kamati za magofu, na vijana wa visiwani walifundishwa uashi wa chokaa na waashi wenye ujuzi. Mengi ya yale yanayofanyika ni ya kawaida kabisa, na labda kwa sababu hiyo hayatajwi sana katika taarifa: kufyeka njia, kung'oa miche ukutani, kuokota mawe yaliyoanguka na kuyaweka palepale yalipoangukia mpaka fundi aje. Mche wa mwezi mmoja hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa miaka mitano huhitaji msumeno, majukwaa na waashi, na hata hivyo mzizi wake ukivutwa ovyo hutoka na mawe. Mtaalamu anayefika mara moja kwa mwaka hawezi kumshinda mkuyu unaoota kila siku. Mwanakijiji anayepita hapo akienda shambani anaweza.

Kuchoma chokaa nako, kwa desturi ya Pwani, hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Magogo hupangwa kwa duara, kama meza kubwa, na juu yake hurundikwa mawe ya matumbawe. Moto hutiwa katikati, na rundo huwaka kutwa kucha huku watu wakilikesha, kwa maana likiporomoka upande mmoja mawe hayaivi. Likishapoa huachwa lizimuliwe na maji au na umande na mvua, na chokaa iliyokaa miezi kadhaa huwa laini na bora kuliko ya jana. Vivyo hivyo katika kupiga sakafu. Huko Unguja na Lamu, dari ya mawe na chokaa ilipigwapigwa kwa vipande vya mti siku kadhaa mfululizo, na safu za watu waliokwenda kwa nyimbo. Mgeni angesema ni ngoma. Nayo ilikuwa ngoma, lakini ilikuwa na kazi: mapigo yaliyo sawa huishindilia chokaa, hutoa maji na hewa iliyozidi, na kuzuia nyufa zinazotokea udongo unaposinyaa. Kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kupiga dari nzima kwa nguvu ileile kabla haijaanza kushika, wimbo ulikuwa chombo cha ufundi sawa na mwiko.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Kanuni za uhifadhi huwajia wanakijiji mara nyingi kwa umbo la makatazo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda magofu dhidi ya kuchimbwa na kuharibiwa ovyo, na ni haki iwe hivyo. Ila mvuvi au mkulima wa Kisiwani anaishi ndani ya urithi huo. Shamba lake, kisima chake na makaburi ya wazee wake vimo humo. Akipewa makatazo tu, bila kazi, bila ujuzi na bila sehemu katika kile kinacholetwa na wageni, ataiona kuta kuwa mali ya watu wa mbali. Ukuta wa namna hiyo hauna mtu wa kuung'olea mche.

Mti ulio rafiki na adui

Husuni Kubwa inaleta tatizo ambalo halina jibu jepesi, na linafaa kujadiliwa darasani kwa sababu hiyohiyo. Jumba hilo limejengwa juu ya jabali, na mvua huchukua udongo wa ukingoni kidogokidogo kuelekea baharini. Mimea iliyoota kwenye mteremko huushika udongo huo na kupunguza kasi ya maji. Lakini mizizi ya mimea hiyohiyo huingia katika kuta na kuzipasua. Ukifyeka yote, unaokoa kuta na kupoteza ardhi iliyo chini yake. Ukiacha yote, unaokoa ardhi na kupoteza kuta. Njia inayobaki ni kuchagua: majani na vichaka vyenye mizizi mifupi viachwe mteremkoni, miti ya jamii ya mkuyu iondolewe kutani ingali michanga, na maji ya mvua yaelekezwe mbali kwa mifereji. Kuchagua huko hakufanyiki mara moja. Hufanyika kila msimu. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya kusini katika Wilaya ya Kilwa, ilidhihirika kwamba maji yanaweza kufanya kwa siku mbili kazi ya miaka mingi.

Upande wa Gereza adui ni mawimbi. Sehemu ya ngome ililiwa na bahari, na miongoni mwa hatua zilizochukuliwa ni kujenga kinga za mawe na kupanda mikoko ufukweni. Mawe huvunja wimbi kwa kulipinga. Mikoko hulichosha: mizizi yake mingi hupunguza mwendo wa maji, na maji yanayokwenda polepole huangusha matope yaliyoyabeba, hivyo ufuko hujengeka badala ya kuliwa. Si kila mkoko hufaa kila mahali. Wenyeji wanajua kwamba mlilana hustahimili kuwa mbele, karibu na maji makuu, na kwamba mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama magongo, hupenda matope yanayofunikwa mara kwa mara, hali mkandaa na mchu huonekana zaidi upande wa nchi kavu, ingawa mchu huweza pia kuota mbele. Mche uliopandwa mahali pasipo pake hufa, hata kama ulipandwa mbele ya kamera.

Hapo ndipo mambo mawili ya makala hii yanapokutana, na kugongana. Tanuri la chokaa hula kuni nyingi, na kwa karne nyingi kuni hizo zilikuwa mikoko. Mwamba unaochomwa ukitoka baharini ukiwa hai, ni mazalio ya samaki yanayoteketezwa. Haina maana kuponya ukuta wa Gereza kwa chokaa iliyochomwa kwa miti inayolikinga Gereza hilohilo. Kwa sababu hiyo matumbawe ya kuchoma yanapaswa kutoka katika mwamba mfu wa nchi kavu, na kuni zitoke katika miti iliyopandwa kwa ajili hiyo, au chokaa iletwe kutoka mahali inapochomwa kwa moto ulio na hifadhi nzuri ya joto. Rundo la wazi hupoteza joto jingi hewani; tanuri lenye kuta huhitaji kuni chache zaidi kwa kiasi kilekile cha mawe. Kwa kisiwa kidogo tofauti hiyo huhesabiwa kwa miti iliyosimama.

Kazi ya darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha safari ya chokaa kwa vifaa vya kawaida. Chokaa iliyozimuliwa ikorogwe katika maji, iachwe itulie, na maji maangavu ya juu yamiminwe katika glasi. Mwanafunzi apulize pumzi taratibu ndani yake kwa mrija, akiangalia asivute. Maji yatageuka meupe kama maziwa: hiyo ni kalsiamu kabonati, jiwe lililozaliwa upya kwa kabonidayoksaidi ya pumzi yake. Chokaa isiyozimuliwa isiguswe na wanafunzi, kwani huunguza ngozi na hasa macho.

Kwa habari ya chumvi, yachukuliwe matofali mawili ya kuchoma yaliyo sawa. Moja lipakwe pande zote nne lipu ya chokaa na mchanga, la pili lipu ya saruji, na juu yote mawili yaachwe wazi. Baada ya wiki mbili za kurashiwa maji yasimamishwe katika sinia lenye maji ya chumvi kina cha kidole kimoja, mahali penye upepo, na maji yaongezwe yanapopungua. Kila wiki wanafunzi waandike mahali chumvi nyeupe inapotokea katika kila tofali, na mwisho wa muhula lipu zibanduliwe, wakwaruze tofali kwa ukucha katika sehemu mbalimbali na kupima unga unaodondoka. Shule zilizo karibu na pwani zinaweza kutumia vipande vya mwamba wa matumbawe badala ya matofali, ila vitolewe nchi kavu, na visitolewe katika gofu lolote.